Jumamosi Iko Uani

Boti yetu inaitwa Jumamosi.
Jina alilipaka Zaveri kwa rangi ya kucha ya Enjo,
na ile M ya pili imelewa kidogo.

Aliinunua kwa mgeni mmoja wa Masaki
aliyekuwa akiwahi ndege ya mwisho,
mwezi ule dunia ilipofunga milango.
Bei ya friji, aliniambia. Friji yenye injini.
Tukaiegesha uani, Mbezi, kati ya simtanki na mpera,
tukasema: wiki mbili tu. Gonjwa likipita, Mbudya.

Nikaandika orodha nyuma ya kalenda ya benki:
watu wanane,
maji katoni mbili, mihogo, pweza tutamkuta hukohuko,
jaketi okozi nane.
Hizo nilizinunua kabla ya kitu kingine chochote.
Mimi ni muuguzi, nimepokea wengi
walioingia majini wakicheka.

Wiki mbili zikazaa.
Wifi Skola wa Maskati alisema msiende bila mimi;
akapimwa pua, jibu likachelewa siku moja,
tiketi ikaoza.
Alipopata nyingine, injini ikakosa kipuri:
kipuri kimo kwenye kontena, kontena limo melini,
meli imetia nanga nje ya mji nisioweza kuutamka,
mabaharia wamekatazwa kushuka.
Kisha wakubwa wakapigana huko kwenye theluji,
petroli ya Tegeta ikapanda kama homa.
Kisha ugonjwa mwingine, wa malengelenge.
Kisha tangazo: upepo mkali, vyombo vidogo visitoke.

Kila mara Zaveri hunitazama mimi.
Watoto wananiita Mamlaka.
"Mamlaka imesemaje?" huniuliza getini,
nami narudi zamu na mchubuko wa barakoa puani,
nasema Jumamosi haiendi.
Kuku ametamia chini ya usukani. Mara ya tatu hii.

Mzee Ndimbo, baba yake Zaveri, alikuja toka Songea
akaizunguka boti kama mtu anayenunua ng'ombe.
"Mkwe, bahari nimeiona dirishani mwa basi tu.
Nipelekeni nikaguse kisiwa, nirudi nikalime."
Nikamwambia angoja, baba, kwa kifua hicho.
Akangoja.
Kitanda cha dirishani, wodi yangu mwenyewe,
ndugu hawaruhusiwi.
Nilimshika mkono kwa glavu mbili.
Aliuliza kama leo ni siku gani.

Sikulifuta jina lake. Kalenda ipo bado,
benki yenyewe imeshabadili nembo.

Masika ya mwaka huu maji yalipita juu ya ukuta wa jirani.
Yaliingia jikoni, yakachukua ndala,
yakazunguka mpera,
na Jumamosi, bila kumwuliza mtu,
ikainuka. Kidole kimoja. Viwili.
Zaveri akashika kamba, mdomo wazi.
Ilikuwa Jumanne.

Watoto walikuwa wamesharukia ndani. Nikapiga kelele: jaketi!
Wakavaa. Ya Tadeo haifungi tena,
amekua huku tukingoja.
Nilijua kilichomo kwenye maji yale,
mashimo ya vyoo ya mtaa mzima. Nimefundisha watu hilo
kwa vipeperushi, kwa kipaza sauti, miaka kumi na tisa.
Nilijua, nikakunja gauni, nikapanda.
Nitachemsha kila kitu kesho. Nitachemsha hata kamba.

Kutoka simtanki hadi banda la kuku, hatua tisa.
Zaveri akitukokota, maji kiunoni,
akitangaza vituo kama kondakta: Mbudya! Mbudya, wa kushuka?
Kuku hakutoka kwenye mayai yake.

Enjo akaikuta ile ya nane, bado ndani ya nailoni.
Hakuuliza ya nani.
Akaiketisha kwenye benchi la mbele, penye kuona vizuri,
akaikaza mkanda.